Shibiri Tano

Nilimkuta amejifunga kwenye nguzo ya duka. Mwanamke mtu mzima, amepiga magoti juu ya mkeka, mkanda mpana wa ngozi umemzunguka kiunoni, na kutoka kwenye ule mkanda nyuzi mamia zimenyooshwa mpaka kwenye nguzo ya chuma inayoshika dari. Akiegemea nyuma, nyuzi zinakaza. Akiinama mbele, zinalegea. Mashine ilikuwa mwili wake mwenyewe.

Nilikuwa natoka sokoni Walthamstow na mfuko wa ndizi mbichi. Ilikuwa Februari. Wajukuu wako shule, binti yangu Generosa yuko hospitalini kwenye kazi yake ya uuguzi, mkwe wangu Laurean yuko ofisini, na mimi sina wa kuzungumza naye mpaka jioni. Lile soko ni barabara ndefu. Ukilitembea lote na kurudi, asubuhi imekwisha, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Duka lenyewe liko kwenye kichochoro cha pembeni. Nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kuligeukia, kwa sababu dirishani huwa wanaweka mishumaa na kadi. Siku hiyo waliweka mtu.

Nikaingia, nikaweka ndizi chini, nikachuchumaa kando yake kama anayeangalia chungu jikoni. Kwetu Kamachumu nimesuka mikeka ya ukindu tangu nilipoacha shule darasa la tatu, kwa hiyo mkono unaojua kazi naujua. Huyu alikuwa haangalii anachofanya. Vidole viliokota nyuzi chache, vikapitisha uzi mwekundu, vikaacha, halafu akachomeka ubao mwembamba mfano wa upanga, akapiga mara mbili. Ndege mdogo akaanza kutokea kwenye kitambaa, mkia kwanza.

Siku hizi nimezoea kujisemea. Nikasema, "Sasa huyu akitaka kwenda msalani inakuwaje?"

"Anafungua, mama," sauti ikanijibu kwa nyuma. "Ni kamba mbili tu."

Nikageuka. Alikuwa Mhindi wa makamo, nywele za mvi amezikata fupi, miwani imening'inia kifuani. Ndiye mwenye duka, jina lake Reena. Alizaliwa Kisumu, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka kumi na mbili, na mpaka leo anaishi Southall na kuja Walthamstow kwa treni mbili kila asubuhi. Kiswahili chake ni kile cha Kenya, hakina shikamoo, lakini kilinipa joto kuliko koti langu. Akanivutia kiti. Nikamwambia nitakaa hapahapa chini, huko juu sitaona kitu.

Mfumaji aliitwa Petrona. Nikacheka, maana parokia yetu ina Petronila watatu. Alitoka nchi ya Guatemala, huko Amerika, milimani, juu ya ziwa. Reena akaniambia ni Mmaya. Kabila hilo nilikuwa sijalisikia, nikamuuliza kama ni wengi. Akasema ni wengi sana, na ndani yao wana lugha zaidi ya ishirini, na Petrona anasema moja ya hizo, na Kihispania alijifunza baadaye, kama mimi nilivyojifunza Kiswahili shuleni. Kwa hiyo mazungumzo yetu yalipita kwa Reena, aliyejifunza Kihispania kwa ajili ya biashara yake: mimi Kiswahili, yeye Kihispania, na jibu linarudi njia ileile. Petrona akaniita Nan Beatha. Nan kwao ni mama, kwa heshima.

Kesho yake nilirudi. Na kesho kutwa. Nilitaka kujua kila kitu: kwa nini anapiga magoti asikae, kwa nini mistari ya pembeni ni ya rangi ya udongo, kwa nini kitambaa chake hakikatwi na mkasi. Hilo la mwisho alinionyesha. Kitambaa chake kina pindo pande zote nne, kimefumwa kuanzia ncha hadi ncha, kikitoka kwenye miti ya kufumia kimekwisha. Ukikikata umekijeruhi. Nikamwambia hata mkeka ni hivyo, mkeka uliokatwa unafumuka na kukuaibisha mbele ya wageni. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi.

Ndipo nikauliza swali ambalo ningeanza nalo kama ningekuwa na adabu: amekuja London kufanya nini?

Reena akanieleza. Petrona ni kiongozi wa kikundi cha wanawake wa nyumba kumi na mbili. Zamani walikuwa wanauza kwa madalali, na madalali wakawanyonya. Sasa wanauza kwa biashara ya haki, maana yake duka linanunua kwao moja kwa moja, bei inakubaliwa kabla kazi haijaanza, na wao wenyewe wanakaa kwenye mkutano unaoipanga. Hilo halikunipa taabu, sisi tunalijua kwa kahawa na chama chetu cha ushirika, raha zake na ugomvi wake. Duka la Reena peke yake lisingetosha nyumba kumi na mbili. Aliyewatosha ni mnunuzi mmoja mkubwa, wa kampuni yenye maduka miji mingi, aliyekuwa anachukua foronya za mito ya makochi kupitia kwa Reena. Na huyo mnunuzi alitaka kuacha. Foronya zilikuwa hazilingani. Nyingine zinabana mto, nyingine zinapwaya. Wateja walikuwa wanazirudisha.

"Akiacha?" nikauliza.

Reena akamuuliza Petrona, na Petrona akajibu huku anafuma. Kwamba akiacha, watafunga nyumba, washuke pwani kwenye mashamba makubwa ya kahawa ya watu, wao na watoto, miezi minne kila mwaka, walale kwenye mabanda, kama mama zao walivyofanya. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye safari hiyo. Binti yake wa mwisho hajawahi kuliona shamba lile, na yuko sekondari.

Mnunuzi angekuja Alhamisi. Reena alikuwa amechangisha nauli kwa wateja wake ili Petrona awepo, ajieleze. Lakini ajieleze nini? Hata yeye alikuwa hajui kwa nini foronya hazilingani. Upana haukuwa na shida, kwa sababu nyuzi zinahesabiwa. Urefu ndio uliokuwa unacheza. Na kila mwanamke aliapa amepima shibiri tano, kama walivyokubaliana.

Nikaomba kuziona zilizorudishwa. Reena akaleta maboksi mawili kutoka chumba cha nyuma. Nikazitandaza sakafuni, mishono yake ya pembeni ikiwa imefumuliwa, nikaanza kuzipanga, si kwa rangi wala kwa picha, kwa urefu tu. Nilidhani zitakuwa ovyo, moja hivi, moja vile. Hazikuwa ovyo. Zilijipanga mafungu. Fungu hili zote sawasawa, hakuna hata unyoya wa tofauti. Fungu la pili zote sawasawa, fupi kuliko la kwanza kwa vidole vitatu. Fungu la tatu ndefu. Nikamwambia Reena, mtu mzembe hakosei hivi. Mzembe anakosea kila mara kivingine. Hawa wamekosea kwa uaminifu.

Petrona akafungua mkanda wake, akaja. Akageuza pindo moja, akatazama mshono mdogo wa alama. Akasema jina. Akageuza nyingine kwenye fungu lilelile. Jina lilelile. Fungu la pili, jina jingine. Kila fungu lilikuwa nyumba.

Nikafanya jambo ambalo mikono yangu ingelifanya hata bila mimi. Nikaweka shibiri yangu juu ya kitambaa, gumba hadi kidole cha mwisho, nikahesabu. Lile fungu la ndefu lilikuwa shibiri tano zangu kamili. Nikamwambia Petrona aweke zake. Fungu la kati likawa shibiri tano zake. Reena naye akavua pete, akaweka za kwake, akapata zimepita mafungu yote, maana ana mikono mirefu.

Tukatazamana sote watatu, tumepiga magoti.

Basi Petrona akaeleza. Kwao, kabla ya kufuma, nyuzi za urefu zinazungushwa kwenye ubao wenye vigingi, na umbali wa vigingi ndio urefu wa kitambaa. Ubao ni wa nyumba. Anayepima matundu ya vigingi ni mama mkubwa wa nyumba, kwa mkono wake, na akifa ubao unabaki na mkono wake. Miaka ya kwanza oda ilikuwa ndogo, wakafuma wao tu, Petrona na dada zake, kwenye ubao wa mama yao. Shibiri tano za mama yao zilikuwa sentimita tisini kamili. Kila mtu akafurahi. Oda ilipokua wakaingia nyumba nyingine kumi na moja, wakaambiwa shibiri tano, na kila nyumba ikapima shibiri tano. Hakuna aliyedanganya. Wala hakuna aliyefikiri kuuliza mkono wa nani, kwa sababu kwao swali hilo halipo. Mkono ni wa mama.

Alhamisi mnunuzi alikuja. Bwana Evans, Mwingereza mrefu, mpole, ana mafua. Reena alikuwa amenionya nisiseme kitu, nami nilinyamaza kadiri nilivyoweza. Alitoa tepu yake, akapima, akasema kwa upole kwamba miaka miwili amewaombea wanawake hawa kwa wakubwa zake, lakini mito inatoka kiwandani saizi moja, na wakubwa wameanza kusema hawa watu hawajali kazi. Reena alipotafsiri hilo, Petrona aliangalia mikono yake.

Hapo nikashindwa. Nikamshika Bwana Evans kiganja, mtu mzima na suti yake, nikakiweka juu ya kitambaa na kukitanua vidole, huku Reena ananisemea kwa Kiingereza mbiombio. Nikampeleka fungu kwa fungu. Akaweka mkono wake, akaweka wangu, akaweka wa Petrona. Alianza kutabasamu kwenye fungu la tatu. Mwisho akakaa sakafuni na suti.

Lakini tabasamu si oda. Akasema ameelewa sasa, na amefurahi kuelewa, ila mto bado ni saizi moja. Akatoa nafasi moja: mwisho wa Machi ziletwe foronya kumi na mbili, moja kutoka kila nyumba, zote sentimita tisini. Zikilingana, oda ya mwaka mzima. Zisipolingana, asingekuwa na la kusema tena kwa wakubwa zake.

Alipoondoka Reena alipiga makofi. Kwake kazi ilikuwa imekwisha: kila nyumba itoboe tundu jipya kwa tepu, basi. Petrona akakataa kwa kichwa. Ikawa kama mabishano. Reena alikumbusha kwamba aliwahi kuwapelekea tepu kumi na mbili, mwaka juzi. Petrona akasema ndiyo, ni nzuri sana, wanapimia watoto sare za shule.

"Tepu haina mama," akasema. "Hakuna mwanamke wa kwetu atakayeweka kwenye ubao wake kitu ambacho hakina mama."

Nikauliza, na mkono wa mama yake? Si ndio tisini kamili? Zitoboe nyumba zote kwa mkono huo.

Petrona akacheka bila furaha. Nyumba kumi na moja zipime kwa mkono wa jirani aliye hai? Watasema mama yake anataka kuwa mama wa kijiji. Kikundi kitavunjika kabla ya Machi. Hilo nalo halikuhitaji kufafanuliwa. Na mimi nina majirani.

Nikakaa nikalifikiria jambo lile jioni ile na asubuhi yake. Sikuwa na haraka, ila nilikuwa nawashwa na hamu ya kujua. Wakati nafua, wakati namenya ndizi, najiuliza: hivi kweli ubao wa watu hawa haujawahi kubadilika? Wanaoa wapi? Ijumaa nikaenda kumuuliza Petrona hilohilo. Bibi arusi akitoka mji wa mbali, anafumaje kwenye nyumba ya mume?

Alisimamisha kazi. Akasema, bibi arusi wa mbali anakuja na kipimo cha mama yake. Akiomba vizuri, na mama mkwe akiridhika naye, anatobolewa tundu lake pembeni ya lile la nyumba. Ubao mmoja, matundu mawili. La nyumba kwa nguo za nyumba, la kwake kwa zile za kwao. Hakuna jirani anayeona wivu, maana mama yule wa mbali hawamjui, hawezi kujifanya mkubwa wao.

"Basi oeni mtu wa Walthamstow," nikasema.

Nilisema kwa mzaha. Reena alitafsiri huku anacheka. Petrona hakucheka. Alinitazama muda mrefu, halafu akauliza kama kuna mwanamke London mwenye mkono wa sentimita kumi na nane.

Jumamosi duka lilijaa kuliko sikukuu. Reena alibandika tepu mezani, na kila mwanamke aliyeingia kununua sabuni aliombwa kutanua mkono. Mimi nilisimama mlangoni nikiwaita kwa ishara. Alikuja msusi kutoka Peckham aliyekuja kumtembelea dada yake, akapata ishirini. Mwalimu mmoja, kumi na saba na nusu. Mama mmoja Mkenya aitwaye Wambui, mtunza wazee, kumi na tisa, akataka kurudia mara tatu kama vile ni bahati nasibu. Mimi mwenyewe ni kumi na tisa. Jaffar, anayetengeneza simu duka la jirani, akaja kujionyesha na ishirini na tatu zake, Petrona akaangua kicheko, akasema mwanamume hana shibiri, ana hatua.

Saa kumi hivi Generosa akaingia. Bado na sare ya hospitali chini ya koti, macho mekundu. Nilikuwa nimesahau simu nyumbani.

"Mama, nimekutafuta soko zima. Watoto wanasema hujarudi tangu asubuhi."

"Leta mkono."

"Mkono una nini?"

"Tanua."

Alinyoosha kama alivyokuwa ananyoosha utotoni nikimtafuta funza. Generosa ana mikono midogo ya shangazi yake, glavu za hospitali zinampwaya, wauguzi wenzake humtania. Reena akapima. Akavaa miwani, akapima tena. Kumi na nane. Petrona akaja akapima kwa mara ya tatu, kisha akakishika kile kiganja asikiachie, kama mtu aliyekamata kuku.

Tukapigia simu kwa mama yake Petrona. Kwao ilikuwa asubuhi. Uso wa bibi kizee ukatokea kwenye kioo, karibu mno, jicho moja na nusu ya pua. Petrona akaeleza kwa lugha yao. Ilichukua muda. Kisha maswali yakaanza, na kila swali lilisafiri lugha tatu kabla ya kutufikia, na jibu likarudi lugha tatu. Huyu ni mtoto wa nani? Wa huyu hapa, Nan Beatha, msuka mikeka. Bibi akataka anione, nikapunga mkono. Ana watoto? Wawili. Anafanya kazi gani? Reena akasema anauguza wagonjwa. Anawaosha? Generosa akasema ndiyo, anawaosha.

Halafu bibi akauliza kama ni mgomvi.

Generosa akanitazama. Nikamwambia Reena aseme kweli, akichoka ni mgomvi. Jibu lilipofika upande wa pili bibi alicheka mpaka simu ikatikisika tukaona dari yake. Akasema, kwa hiyo ni mtu.

Nilidhani imekwisha. Lakini akauliza swali moja la mwisho, na Petrona alipolisikia alishusha sauti, na Reena alipolisikia aliinamisha kichwa, ndipo akalitoa kwa Kiswahili:

"Anauliza, mwenyewe amekubali?"

Duka zima, tangu asubuhi, hakuna aliyemuuliza mtu yeyote hilo. Tuliomba vidole tu. Generosa aliuliza kukubali nini hasa. Petrona akamweleza taratibu: kwamba mkono wake utakaa kwenye mbao za nyumba kumi na mbili, na kila wanapotandika nyuzi za kazi hiyo watamtaja jina, na akifa watamtaja bado, na watoto wao watamtaja bila kujua alikuwa nani. Kwamba anaweza kukataa, hakuna atakayemchukia.

Binti yangu alivua koti, akakaa kwenye kile kiti ambacho mimi nilikikataa siku ya kwanza. Alikuwa ametoka kusimama kwa saa nane. Nilitaka kumsemea, nikajizuia.

"Mwambie nakubali," akasema. "Ila Laurean asisikie kwamba nimeolewa tena."

Jumapili Jaffar alituletea msumeno. Tulikata vijiti vya mianzi, vile wanavyouza kwa ajili ya kupandia maharage, kumi na viwili, na kwa kila kijiti Generosa aliweka mkono wake upya, mimi nikatia alama, Reena akakata. Nilimwambia angepima kimoja na vingine vifuate hicho, tuwahi kupika. Petrona akasema hapana, kila nyumba lazima iguswe. Aliondoka Jumanne, vijiti vimefungwa kwenye mtandio wake, begani, si kwenye sanduku.

Machi yote nilipita dukani kila siku kuuliza. Reena alisema, mama, nitakupigia. Nikapita hivyohivyo.

Boksi lilifika siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Bwana Evans alikuja mwenyewe, mafua yamekwisha. Tuliziweka mezani, na yeye akapima moja baada ya nyingine: tisini, tisini, tisini. Zilikuwa kumi na moja. Chini kabisa ya boksi palikuwa na ganda la mahindi lililofungwa kwa uzi, na ndani yake kijiti kimoja cha mwanzi. Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa imerudisha.

Reena alikaa chini. Bwana Evans alikishika kile kijiti, akakigeuzageuza, akauliza ndiyo nini. Reena hakumficha. Akamwambia kuna mama mmoja amekataa kutobolewa ubao, na huo ni ubao wake. Bwana Evans akafikiri, nasi tukamwangalia anavyofikiri. Kisha akasema kwamba kumi na moja zinalingana kuliko za kiwandani, na kwamba yeye hana oda ya kumlazimisha mtu. Ataandika oda ya mwaka mmoja kwa nyumba kumi na moja. Akaiandika palepale kwenye meza ya Reena, akampa mkono, akanipa na mimi.

Tukampigia Petrona. Alikuwa nje, kuku wanasikika. Reena alimwambia habari. Petrona hakuuliza ya wale kumi na moja. Aliuliza ya yule mmoja. Yule mama ni mjane, ana wakwe wawili na wajukuu saba, na kama hana oda atashuka pwani hata kama wengine wamebaki.

Reena akanitazama. Nikaziangalia kuta za duka lake, hazina kitu isipokuwa saa na kalenda ya mwaka jana.

"Mwambie alete vitambaa kwa urefu wake mwenyewe," nikasema. "Kitambaa si lazima kiwe mto. Wewe una kuta."

"Mama, unanipangia duka langu."

"Nani mwingine atakupangia?"

Alihesabu kuta kwa macho. Akasema anaweza kuchukua vitano kwa kuanzia, na kama vitaondoka, vitano kila mwezi, na kwamba ataandika karatasi aviweke kwa jina la yule mama. Akamwambia Petrona. Tukasikia Petrona anaita kwa lugha yao, kwa sauti kubwa, kwa mtu aliye mbali, na mtu mwingine akaitikia mbali zaidi, na mlango ukagonga. Halafu simu ikakatika.

Reena akataka kupiga tena kwa sababu hawakuagana. Nikamzuia mkono. Mwanamke mwenye habari kama ile ana nyumba kumi na mbili za kupitia kwa miguu, na kilima. Tukaanza kushusha kalenda.